Ekseli Uliyoilaza Ukumbini

Baba,

Nakuandikia nikiwa gereji, nimekalia ile ndoo ya rangi uliyoifanya kiti. Dua nimekuombea kwanza, maana ningekuja na maneno matupu ungeniuliza. Sasa nina habari za kukupa, na nyingine hutazipenda.

Ekseli yako haipo.

Nasema ile ya mbele ya gari la zamani ulilokuwa ukilijenga upya, iliyonyooka, imepinda kwenye ncha tu, chuma kimoja toka gurudumu hadi gurudumu, tuliyoipata kwenye soko la vipuri vikuukuu kule mashambani, siku tuliyorowa mpaka soksi. Uliiona chini ya meza ya yule mzee wa Kiingereza. Ukachutama, ukaifuta tope kwa mkono wa koti lako, ukaigonga kwa spana na kutega sikio. Kisha ukanitazama, macho yote yanacheka. "Raya, hii haina ufa." Hukusema zaidi mpaka tumefika nyumbani. Gereji hukutaka kuiweka, ukisema unyevu wa London unakula chuma kuliko bahari ya kwetu, basi ukaileta juu kwenye fleti yetu Tottenham, ukaifunga kanga ya Mama, ukailaza ukumbini kando ya ukuta. Mama alikuwa akijikwaa nayo kila alfajiri akienda kutawadha. "Huyu mke mwenzangu hana hata adabu ya kupisha!" Nawe huko chumbani ukicheka mpaka ukikohoa.

Mama kaitoa sadaka, Baba.

Ilikuwa siku ya hitma yako. Watu walijaa mpaka ngazini, viatu vimezagaa mpaka mlangoni kwa jirani. Mama alikuwa chumbani na eda yake. Alimwita rafiki yako Bwana Kirit wa Harrow, uliyekua naye mtaa mmoja Unguja, akamwambia kwa nyuma ya mlango: "Chukua ile ya ukumbini. Ni sadaka ya marehemu." Bwana Kirit na mvi zake alilia mbele za watu. Aliondoka ameipakata, na kanga yake, akapanda nayo treni. Mimi nilikuwa jikoni na masufuria ya biriani. Nilipotoka nilikuta ukuta mtupu na doa la mafuta kwenye zulia.

Kilichokwisha kutolewa kwa jina la maiti hakirudishwi, hilo sihitaji kufundishwa. Lakini nilikasirika, Baba. Nilikasirika kuliko siku uliyokufa, maana siku ile sikuwa na wa kumkasirikia. Eda nzima nilimpikia Mama, nilimchukulia dawa zake, na maneno yangu yalikuwa "ndiyo Mama" na "hapana Mama". Niliona ameitoa kwa kuichukia, ili gari life pamoja nawe. Na gari lenyewe lilikuwa limebaki bodi tu juu ya matofali. Ulikuwa umelikata, umelichomelea, umelipaka rangi ya kuzuia kutu, na kitu cha mwisho ulichokichagua kwa mkono wako kilikuwa hicho. Nilijiambia, nikitia ekseli nyengine hili si gari la baba yangu tena. Litakuwa gari la mtu yeyote.

Bwana Kirit aliposikia kwamba gari lilikuwa likiisubiri, alikuja mbio hapa gereji kaibeba mwenyewe begani. "Chukua, beta, mwanangu. Mimi sikujua, honestly." Nikamwambia siwezi, Mjomba, imeshatoka. Hakubishana. Ni mtu wa kwetu, anajua. Akapangusa miwani, kisha akaniambia basi tutafute nyengine. Yeye angetaka nitie ile mitambo ya kisasa, kila gurudumu na springi yake. "More comfortable, beta. Baba yako alikuwa mkaidi tu."

Ulikuwa mkaidi kweli. Nami ukaidi nimeurithi kwako.

Tulizunguka sana. Nilikuwa nikikumbuka ulivyonifunza: iwe ya kufuliwa, si ya kumiminwa kwenye kalibu, upana wake uwe sawa na ule wa zamani, ama sivyo magurudumu yatachungulia nje ya madigadi, na springi moja iliyokingama iweze kukaa juu yake bila kulazimishwa. Nyengine zilikuwa mabomba yaliyopakwa king'arisho, ungezitemea mate. Mwisho tukafika Peckham, kwa fundi mmoja ambaye gereji yake iko chini ya reli, kila treni ikipita spana zinatetema ukutani. Alikuwa nazo mbili. Moja imepinda juu sana kwenye ncha, kama yako, ya kulishusha gari mpaka litambae, na imetobolewa matundu ubavuni kwa urembo. Ya pili imepinda kidogo tu, haina tundu wala nakshi. Nilimwomba azining'inize kwa kamba, nikazigonga moja moja. Zote mbili zililia vizuri, mlio mrefu, safi. Yule fundi akamtazama Bwana Kirit, Bwana Kirit akatazama dari kwa majivuno kana kwamba ndiye aliyenizaa.

Nikashindwa kuchagua. Mkono wangu ulikuwa ukienda kwenye ile inayofanana na yako, kisha unarudi. Nikamwomba aniwekee zote mbili, nikaenda zangu nyumbani nimenuna.

Eda ikaisha. Mama akaoga, akavaa, akajitia mafuta. Nilidhani ataniambia nimpeleke kaburini kwako. Akasema kaburini kesho, leo nipeleke gereji.

Alikaa hapa hapa kwenye ndoo. Alilitazama gari juu ya matofali muda mrefu, mkoba mapajani. Kisha akasema, wala hakunitazama: "Wewe wafikiri nilikichukia chuma kile." Nikainama kupangusa spana. "Sadaka hutolewa katika kinachopendwa. Baba yako alikuwa akipenda nini jengine? Makoti yake ya kazini? Nilitaka kimfikie kitu chake hasa."

Nililia, Baba. Nililia mpaka nikaona haya, mtu mzima mimi, na mikono yote grisi. Mama akanifuta kwa ncha ya mtandio wake, ule mpya.

Baadaye akauliza hizo ekseli tofauti yake nini. Nikamweleza: ile mitambo ya kisasa gurudumu moja likiingia shimoni, la pili halina habari. Hii iliyonyooka, moja likipanda tuta, na jengine linatikisika nalo.

"Yaani tutatikisika sote?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi tia hiyo hiyo."

Nikamwambia zimebaki mbili, na wewe ungeitaka ile ya kulilaza gari chini kabisa. Akayatazama magoti yake. "Na mimi nitaingiaje humo, kwa kutambaa?"

Kwa hiyo nimechukua ya pili, Baba, ile isiyo na nakshi. Najua ungenuna. Ungesema gari limesimama juu kama lori la mkaa. Lakini matuta ya mtaani kwetu unayajua, na Mama unamjua.

Bwana Kirit alinishikia tochi siku nzima nikiifunga. Ananiambia ile yako iko sebuleni kwake Harrow, kando ya miungu yake, na mkewe huifuta vumbi kila asubuhi. Kanga hawajaivua. Nadhani imekufikia.

Jana tuliliteremsha kwenye matofali. Likakaa juu ya magurudumu yake, limenyooka, halikulalia upande. Halina injini, halina kioo, na mlango mmoja bado naupiga msasa. Mama alizunguka, akaingia, akakaa kiti cha mbele na mkoba wake mapajani, akatazama mbele. Nikaingia upande wa pili, nikashika stelingi. Tulikaa hivyo mpaka chai aliyoileta ikapoa.

Nilichokuwa nikikiogopa kimekuwa. Gari si lako tena. Nimeandika hivyo na mkono haukukatika.

Pumzika, Baba. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako. Mimi nakuahidi nitalimaliza, na nitamleta Mama kwako ndani yake, tuta kwa tuta, mwendo wa pole. Na wenye magari ya namna hii huulizana ekseli, unawajua. Atakayeniuliza hii kaichagua nani, nitamwonyesha aliyekaa pembeni yangu.

Mwanao,
Raya