Faili la Mwalimu Efren

Molo, Iloilo
Jumamosi, 14 Juni

Kwa Dada Puring,

Nakusalimu. Nakusalimu kwa sababu wewe ni mkubwa na mimi ni mdogo, na kwa sababu mama hakutulea kuanza barua bila salamu; usitafute sababu ya tatu. Natumaini shinikizo la damu limeshuka, na kwamba unameza dawa za asubuhi badala ya kumdanganya shemeji Lito kuwa umeshazimeza. Mimi ni mzima. Mgongo unauma kama kawaida. Chumba nilichopanga huku Molo ni kidogo, lakini mama mwenye nyumba haujui ukoo wangu wala hataki kuujua, na hilo limenipa usingizi ambao kwako sikuupata tangu Februari.

Simu zangu umezifunga. Mlinzi wako wa getini aliniambia, huku akitazama viatu vyake, kwamba ameagizwa asinifungulie hata siku ya misa ya kumbukumbu ya baba. Ndiyo maana naandika. Naandika kwa mkono, si kwa barua pepe ya kazini, kwa kuwa kanuni inayoiruhusu hospitali kusoma barua pepe za wafanyakazi niliitunga mimi mwenyewe, na wewe ukaitia saini bila kuisoma. Wakili wangu ana nakala ya barua hii. Kwa hiyo utanivumilia nikieleza hata yale unayoyajua. Sikuandikii wewe peke yako.

Unakumbuka jinsi nilivyoipata kazi hii? Sheria ilipotaka kila hospitali iwe na afisa wa kulinda taarifa za watu, uliniita ofisini kwako, kwa mkurugenzi. Nilikuwa muuguzi niliyeumia mgongo kwa kuinua wagonjwa, na ulinihurumia, sikatai. Ulisema, “Vangie, kaa hapo. Kuna kiti, kuna kiyoyozi, kuna jina mlangoni. Serikali inataka jina tu, na jina ninalo, la mdogo wangu.” Ukacheka. Nami nikacheka, lakini nikaenda Manila wiki tatu kusoma, nikarudi nikiwa nimeiamini ile sheria kama watu wengine wanavyorudi wameokoka.

Niliandika mwongozo wa kurasa thelathini na moja. Madaktari waliniita Bibi Siri. Nilibandua karatasi zilizoandikwa maneno ya siri chini ya vibao vya kuchapia, na kesho yake nikakuta zimerudishwa, moja ikiwa na kichwa cha paka kimechorwa. Dk. Palmares wa maabara aliniambia mbele ya wanafunzi wake kwamba mgongo wangu ulichoka, na sasa nimeamua kuwachosha wenye migongo mizima. Nilikuja kukushtakia. Ulisema, “Mwache, analeta wagonjwa.” Hapo nilielewa nafasi yangu, lakini sikuacha. Mtu mmoja tu pale hospitalini alisoma kurasa zote thelathini na moja, na akaniletea makosa matatu ya herufi aliyoyapigia mstari. Mtu huyo ni Nenita Hisugan wa chumba cha mafaili. Jina hilo naliandika taratibu ili ulisome taratibu.

Jumanne ile ya Februari niliingia kazini saa mbili asubuhi, nikakuta wauguzi watatu wameinamia simu moja. Waliponiona waliizima. Niliwaambia waiwashe. Ilikuwa picha ya karatasi yetu, yenye nembo yetu, kwenye ukurasa wa mtandaoni ambao watu wa mji wa Pavia huuzia pikipiki na kutafutia mbwa waliopotea. Majibu ya kipimo. Efren Dumancas, miaka ishirini na tisa, mwalimu wa hesabu, ana virusi vya UKIMWI. Chini yake maneno ya watu, mamia, na kila mmoja ni hodari kuliko aliyemtangulia.

Efren, mchumba wa binti yako Mikaela. Kijana aliyekuja kwako Krismasi na keki aliyoibeba magotini safari nzima, ukaila, ukasema ni kavu.

Kabla ya Ijumaa wazazi walikuwa wamejaa ofisini kwa mwalimu mkuu wakitaka watoto wao wapimwe, kana kwamba hesabu za sehemu huambukiza. Mama yake Efren, anayeuza ibos sokoni, ule wali wa kunata uliofungwa kwa majani, alikaa nao kutwa nzima, akarudi nao wote nyumbani. Wateja wake wa miaka ishirini walipita upande wa pili wakijifanya wanachagua samaki.

Efren alikuja ofisini kwangu. Nilimtarajia apige meza. Hakupiga. Alikaa akauliza kama mimi ndiye yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye fomu aliyotia saini siku ya kupimwa. Nikasema ndiyo. Akasema, “Basi niambie, Bibi. Fomu ilisema siri yangu iko mikononi mwako. Ulikuwa umeishika kwa mkono upi?” Nilimwambia tunachunguza. Alitikisa kichwa kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi aliyenakili, akaondoka.

Siku hiyohiyo nilikuja kwako na sheria mkononi. Nilikueleza kwamba siri ya namna hii ikivuja tuna saa sabini na mbili za kuiarifu tume ya serikali inayolinda taarifa za watu na kumwarifu mwenye siri, kwa maandishi, tukieleza ilivyotoka na tunachofanya. Nilikueleza pia kwamba kuficha ni kosa la jinai, na si kosa la hospitali tu bali la aliyeficha. Ulikuwa unamenya chungwa. Ulisema ni wadukuzi. Nikasema mdukuzi haingii kwenye kompyuta za hospitali nzima akatoka na karatasi moja ya mtu mmoja, tena iliyochapwa kwenye mashine yenye wino unaovujia pembeni kama wetu. Ukasema, “Kama si wadukuzi, basi ni mtu wa mafaili. Nani ana funguo? Nenita ana funguo.” Ukaendelea kumenya.

Dada, Nenita ana funguo za makabati ya chuma. Majibu yale hayajawahi kuwekwa kwenye kabati. Tangu mwaka juzi yamo kwenye kompyuta tu, na wewe ndiye uliyekata utepe siku tulipoizindua.

Alifukuzwa Machi, baada ya miaka kumi na tisa. Mlinzi alimsimamia akifungasha kikombe chake na kandambili zake. Kwenye ngazi Dk. Palmares alimpisha kwa kusogea kando mno, kama anampisha mwenye upele. Nenita aligeuka akamwambia, “Daktari, mwaka ule ulipopoteza faili la mgonjwa ukataka niseme sikukupa, nilinyamaza. Leo endelea kunyamaza, kazi hiyo unaijua vizuri.” Kisha akashuka. Mwanawe wa kike anasomea uuguzi, na pale mjini nani atampa nafasi ya mazoezi binti wa mwanamke aliyeuza siri za wagonjwa? Hakuna aliyempa. Nimeuliza mwenyewe hospitali nne.

Nenita alikwenda kulalamika kwenye baraza la kazi. Wakili wako alinitaka niseme kwa kiapo yale yaliyo kwenye ripoti: kwamba uchunguzi wa kitaalamu umeonyesha uzembe wa mtunza mafaili. Ripoti ile ina saini yangu. Nilikwenda nimevaa ile blauzi ya bluu uliyoninunulia. Nenita hakuwa na wakili. Alisimama, akaomba ruhusa ya kuniuliza swali moja, akasema, “Vangie, ulitufundisha ukumbini kwamba kwenye kompyuta kila faili likifunguliwa linaacha alama: nani, saa ngapi, kutoka meza ipi. Nionyeshe alama yangu.”

Wakili wako alikohoa. Mimi nilichukua mkoba wangu nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Jioni ulinipigia simu. Uliniita msaliti, nyoka, mzigo uliobebwa tangu mama alipokufa mimi nikiwa na miaka tisa. Ulisema uliacha kuolewa na mwanamume wa kwanza ili nisome. Ni kweli, uliacha. Ulisema ningekufa njaa. Huenda. Kisha ukasema kama ningekuwa na shukrani hata ya mbwa ningemaliza sentensi mbili mbele ya msuluhishi na kurudi nyumbani kula. Nilikusikiliza hadi ukakata. Jibu ni hili.

Ninajua ni wewe, Dada.

Ninajua tangu Jumanne ile, saa nne asubuhi, kabla hujamenya chungwa lolote. Nilifungua kumbukumbu za kompyuta kuu peke yangu, mlango nimeufunga. Faili la Efren lilikuwa limefunguliwa mara moja tu tangu Oktoba: Jumapili, tarehe ishirini na tatu Februari, saa nane na dakika arobaini mchana, kwa jina la mkurugenzi, na kuchapwa kwenye mashine iliyo ofisini kwa mkurugenzi. Mistari miwili. Ulitoka misa, ukapita kazini, ukaingia kwenye damu ya kijana wa watu kutafuta sababu ya kumkataa, ukaipata. Mengine nimeambiwa na Mikaela. Uliiweka karatasi mezani kando ya bakuli la wali ukamwambia, “Haya, soma mume wako.” Halafu ukaipiga picha ukawatumia mama zake wawili wa ubatizo, wakusaidie kumshauri mtoto, na ukawaandikia wasimwambie mtu.

Mikaela alikuwa anajua. Efren alimwambia mwezi wa pili tangu wajuane, wakiwa wamekaa benchi la plaza, na akampa nafasi ya kuondoka. Hakuondoka. Efren anameza dawa zake kila siku, si kama wewe unavyomeza zako, na daktari wake amemwambia hawezi kumwambukiza mke. Ungemuuliza mwanao angekwambia. Ulichagua kuiuliza kompyuta.

Sasa sikiliza langu. Ulipoambiwa na mafundi kwamba kumbukumbu za siku ile zina pengo, labda umeme uliyumba, ulitoa shukrani kwa Bikira Maria wa Mishumaa na ukawalisha batchoy, supu ya tambi, wafanyakazi wote wa zamu. Hakuwa Bikira. Nilikuwa mimi. Niliifuta ile mistari miwili kwa mkono huu ninaoandikia. Mimi, Bibi Siri, niliyewakemea watu kwa karatasi za kubandika. Nilikumbuka ukinisuka nywele jikoni siku ya mazishi ya mama, ukivuta kwa nguvu ili nilie kwa maumivu na si kwa jambo jingine, na nikafuta. Kisha, nilipoona unaelekeza kidole kwa Nenita, nikaandika ripoti. Hukuniamuru niandike lile neno “uzembe”. Nililitafuta mwenyewe, nikaridhika nalo.

Wewe ulifungua faili. Lakini Nenita nilimfukuza mimi.

Kabla ya kufuta nilinakili kumbukumbu zote kwenye flashi, nikaificha ndani ya soksi. Mpaka leo sijui kama niliinakili kwa dhamiri au kwa hila, ili siku moja nikushike nayo. Usinipe sifa. Jumatano iliyopita nilipanda ndege kwenda Manila, nikaikabidhi tume, na maelezo yangu ya kurasa sita. Mwanamke aliyenipokea aliacha kuandika akaniuliza kama ninaelewa kwamba ninajishtaki. Nilimwambia mimi ndiye ninayeifundisha sheria hiyo. Akanishauri nitafute wakili, akanipa maji.

Efren na Nenita nimewaandikia, kila mmoja barua yake, nikieleza nani alifungua, nani alificha, na lini. Efren, aliyeko Bacolod, amejibu kwamba ameipata, na kwamba nisimwandikie tena. Nenita amekuja mwenyewe hadi hapa chumbani. Alisimama mlangoni, hakukubali kuketi. Alisema, “Miezi mitatu nilikuwa nasali wewe uwe mjinga tu, Vangie. Mjinga ningemsamehe.” Akaondoka. Nilikuwa nimempikia.

Maofisa wa tume watafika hospitalini Jumanne asubuhi. Wewe nakuambia mapema kwa sababu ni dada yangu, na pia kwa sababu haitakusaidia kitu. Wanachokuja kutafuta wanacho tayari. Usiwaguse mafundi. Usimtafute Nenita na bahasha. Usiseme wadukuzi. Wakikuuliza, sema ulichofanya Jumapili ile kwa sauti yako mwenyewe, kabla hawajakusomea.

Nisalimie shemeji Lito, umwambie kisu chake cha samaki ninacho, nitakirudisha. Mikaela na Efren walifunga ndoa ya serikali Jumatatu, na mashahidi wawili wa shuleni. Salamu zao hawakunipa nikuletee, na mimi sikubuni. Hasira niliyo nayo juu yako ni kubwa kiasi kwamba naamka nayo na ninalala nayo, na niliyo nayo juu yangu inalala upande wa pili wa kitanda. Ukitaka kuja kunitukana ana kwa ana, namba ya nyumba iko nyuma ya bahasha. Nitakufungulia.

Ni mimi mdogo wako,
Evangeline