Saa ya Nachelewa

Kwako mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu nikiomba karatasi hii ikukute mzima huko ng'ambo, na kile kikohozi chako cha asubuhi kiwe kimehama kwako na kupata mwenyeji mwingine. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Mimi tumbo linazidi kunitangulia. Nikifika kwa mteja, linaingia lenyewe kwanza, kisha nafuata mimi na boksi la vifaa.

Utashangaa naandika barua na simu ninayo. Juzi uliponipigia ukaniuliza, "Kaka, nani alikuwa anakimbia Jumamosi, na mbona hakuingia ndani?" nilikohoa, nikasema mteja ananiita, nikakata. Hapakuwa na mteja. Nilikuwa nimeketi juu ya friji bovu katikati ya karakana, peke yangu kama mwizi aliyesahauliwa. Kuna mambo mdomo wangu hauyawezi. Acha kalamu ijaribu.

Nianzie mwanzo, maana wewe ndiye uliyenituma. Uliniambia ile saa ya mazoezi uliyomnunulia marehemu mdogo wetu ulihakikishiwa inakaa na chaji wiki nzima, na sasa haifiki jioni. Ulisema ikizimika, lile doa la kijani kwenye ramani ya simu yako, lenye jina lake na mapigo ya moyo, linapotea, nawe siku hiyo hulali. Ukaniomba niitengeneze na nisiulize kitu. Nikakubali. Katika ukoo huu chochote chenye waya huletwa kwa fundi wa mafriji, hata kama ni kitanda cha jirani kinacholia.

Nikamwomba Mama saa. Alinikabidhi kama mtu anayemkabidhi mlevi kitoto kichanga. Nikapunguza mwanga wa kioo, nikazima mitetemo ya ujumbe, nikaizima na kuiwasha upya, nikasugua sehemu za kuchajia kwa spiriti. Nikairudisha kwa mbwembwe zote. Kesho yake jioni kioo kilikuwa cheusi. Mama aliniangalia tu, vilevile alivyokuwa akiniangalia nilipoleta ripoti ya shule.

Nikaona heri aibu igawanywe. Jirani yangu wa karakana ni mama mmoja fundi wa simu, mcheshi, ambaye jina langu hataki kulijua. Kwake mimi ni Barafu. Nikampelekea saa nikamwagiza aweke betri mpya. Akaichaji, akaiacha mezani pake siku kadhaa, kisha akaniita na kuniambia betri ile ni nzima kuliko mwenye kuileta. Chaji ilikuwa imepungua kidogo tu. Nikabisha, si unajua mimi. Akavua miwani.

"Barafu," akasema, "saa hii ikikaa mezani haina shida. Huko kwenu kuna mtu anakimbia nayo."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanionyesha kwamba ndani ya saa mna mbio moja iliyofunguliwa na haijafungwa, tangu asubuhi ile aliyotoka kukimbia na hakurudi. Kila mara saa inapoishiwa chaji na kuwashwa tena, huuliza: Endelea, au Maliza? Yeye hakuijibu, ndiyo maana ikatulia. Huko nyumbani kuna anayejibu Endelea. Na mbio zikiwa wazi, saa hutafuta satelaiti, na chini ya bati haizipati vizuri, basi huhangaika kuzitafuta mpaka inakata roho. Nilirudi kwa miguu, saa ikiwa mfukoni, na mgongoni nina baridi ambayo mimi, mwenye kuuza baridi, sijapata kuiona.

Unajua friji likila umeme kupita kiasi, mteja hulaumu mota. Mimi huanza na mlango. Mara nyingi mota ni nzima kabisa, inahangaika bure kwa sababu mlango haujafunga sawasawa. Kwa hiyo nikamrudishia Mama saa yake, nikaanza kutafuta mlango.

Sikuutafuta sana. Siku moja mchana nilisahau geji ya kupimia gesi nikairudia nyumbani. Chumba cha marehemu wetu, Nachelewa, kilikuwa wazi. Unakumbuka tulivyompa jina hilo: hakutoka nyumbani hata siku moja bila kupiga kelele kwamba anachelewa, hata akienda kununua chumvi. Mama alikuwa ameketi kitandani kwake. Mbele yake ilikuwepo ile jezi ya njano aliyokuwa akikimbilia marehemu, imekunjwa na kuviringishwa ikakaza kama mkono wa mtu, na saa imefungwa juu yake. Simu ya marehemu ilikuwa pembeni, ndiyo inayokutumia wewe habari. Saa ikauliza swali lake. Mama akabonyeza Endelea. Taa ya kijani ikawaka tumboni mwa jezi, ikapenya kwenye nyuzi, na baada ya muda kidogo zikatokea namba. Jezi ilikuwa na mapigo sabini na mawili. Mimi nilikuwa na zaidi.

Jirani alinieleza baadaye kwamba taa ile hudanganyika. Ikigonga nguo hubuni mapigo ya moyo pasipo na moyo. Lakini wakati ule chumbani hakukuwa na fundi. Nilikuwa na mama yangu tu, na ile jezi.

Nikamwambia taratibu kwamba hii ni nguo, Mama.

"Najua ni nguo," akasema. "Nimeikunja mwenyewe." Akanyoosha ukosi wa jezi, kisha akasema, "Mimi nilimzika. Dada yako hakumzika. Nikizima, nani atamwambia?"

Ndivyo ilivyokuwa, mdogo wangu. Walipotuletea vitu vya marehemu, Mama aliichaji saa, ikauliza, na yeye bila miwani akabonyeza tu. Papo hapo ukapiga simu ukilia, ukamwambia unamwona, bado anakimbia. Hakuwa na moyo wa kukukatalia. Tangu siku hiyo hatoki. Haendi sokoni, haendi kwa shoga yake, amekaa na chaji ile kama mtu aliyebandika maziwa motoni. Wewe hulali ikizimika, na yeye halali isije ikazimika.

Sasa nijibu swali lako. Aliyekuwa anakimbia Jumamosi ni mimi.

Niliivua saa kwenye jezi nikaivaa mkononi, simu yake nikaitia mfukoni, nikaenda hadi ule ukuta wa kiwanda cha magodoro ambapo mlinzi alimkuta Nachelewa amelala, hapumui. Pale nikageuka kuelekea nyumbani. Alikuwa anarudi, unajua. Kilichobaki kilikuwa kipande tu. Nilitaka nimmalizie kipande hicho, nibonyeze Maliza, Mama apumzike. Uliniambia kwenye simu kwamba doa lilikwenda polepole sana. Ukasema, "Amechoka, Kaka." Ndiyo, alichoka. Huyo mwenye tumbo aliketi hata kwenye benchi la mshona viatu, akapewa maji na pole za msiba ambao mshonaji hakuutaja.

Tena kuna hili, na usimwambie mtu. Nilipofika kwenye kona ya mashine ya kusaga, saa ilitetemeka mkononi mwangu, yakatokea maneno aliyojiwekea marehemu mwenyewe ya kumwamsha mwendo ukilegea: UNACHELEWA. Sikugeuka. Nakwambia, mimi nisiyeamini hata utabiri wa mvua, nilisikia viatu vyake nyuma yangu, ule mwendo wake wa kuburuza kidogo mguu wa kushoto. Vilinifuata mpaka nikaona paa letu. Nilipothubutu kugeuka, ilikuwa barabara tu, na mbwa amelala kivulini.

Mama alikuwa langoni. Nikamnyooshea mkono abonyeze Maliza, maana kidole changu kilikataa. Akaifunika saa kwa kiganja chake, akaniambia, "Huyu ana dada."

Basi hatukumaliza. Tulibonyeza Simamisha, tukaizima, na imo kabatini imejaa chaji. Kazi uliyonituma imekwisha na sikutozi kitu. Najua nimekuvunjia sharti. Ulisema nisiulize, nami nimeuliza na nimejibu pia. Nikasirikie mimi, si yeye. Lakini mlango huu, mdogo wangu, una makomeo matatu, na moja liko upande wako. Omba ruhusa kazini kwako, uje. Tutakwenda pamoja mpaka ukutani na kurudi, kwa mwendo wa magoti ya Mama, kisha wewe ndiye utakayebonyeza.

Mama anakusalimu sana. Leo ametoka kwa mara ya kwanza, amekwenda kwa shoga yake, na amerudi na umbeya wa kututosha mwezi. Jirani yangu wa simu naye anakusalimu, ingawa hakujui. Vaa vizuri baridi isikupate, na ule chakula cha maana.

Usiogope kwamba doa halionekani. Hajapotea. Amesimama langoni anakungoja, na safari hii si yeye anayechelewa.

Nduguyo akupendaye,
Kaka, maarufu kwa jina la Barafu