Mama Alipodhani Kamera Imezimwa

Jumamosi, mwezi wa nane. Mawingu tangu alfajiri na manyunyu kidogo hapa Embu mjini. Kaka Njeru amepiga simu kutoka nyumbani Siakago, anasema huko ni baridi na vumbi tu.

Kwako mama, uliyetutangulia,

Kesho ni ibada ya kumbukumbu yako. Mwaka umeisha. Watu watakaa chini ya hema pale uani, na baada ya mahubiri watatazama video ambayo nimepewa kazi ya kuiandaa. Nimehariri harusi na mazishi ya watu wengi, lakini wewe ulikuwa karibu kunishinda. Sikuwahofia wageni, nilimhofia Wawira, huyu niliyempa jina lako. Alikuwa mdogo mno ulipoondoka. Juzi aliitazama ile picha yako kubwa tuliyoibeba mbele ya jeneza, akaniuliza juu ya nyanya yake, "Mami, cucu alikuwa anatembea?"

Wewe! Wewe ambaye hata kanisani ulikalia ukingo wa benchi kama mtu anayengoja jina lake liitwe.

Unakumbuka siku niliyokuja na kamera yangu ya kwanza? Ulikuwa unapepeta ndengu. Ulipoiona, ukaweka ungo chini, ukafunga kitambaa chako upya, ukasimama wima mbele ya ukuta, mikono ubavuni, kama siku ya picha ya kitambulisho.

"Mama, hii ni video. Endelea na kazi."

Ukajibu bila kusogeza midomo, "Wewe piga kwanza. Kazi haikimbii."

Nikangoja. Na wewe ukangoja. Mwishowe ukasema, "Umemaliza?" Nikasema ndiyo, maana ningefanya nini?

Ikawa hivyo kila mara, kwenye Krismasi, kwenye mavuno, hata siku Wawira alipobatizwa. Njeru alikuwa akikutania, "Mama, wewe peke yako ndiye unayeweza kugeuza video ikawa picha." Nawe ukimjibu, "Na wewe ndiye unayeweza kugeuza jembe likawa kiti."

Lakini ulipenda michezo yangu. Msimu ule wa mvua nilifunga simu ya zamani kwenye nguzo ya ghala, ikitazama shamba. Kila asubuhi kabla ya kuwafungulia mbuzi ulibonyeza pale nilipokuonyesha, ukapiga picha moja tu. Baada ya mavuno niliziunganisha, nikakuletea. Ndengu zikachipuka, zikatoa maua, maganda yakawa meusi, yote hayo kwa muda wa mtu kupiga chafya.

"Kumbe!" ulisema. "Na sisi tunangoja kama wajinga."

Nikairudisha nyuma. Maganda yakarudi kuwa maua, mimea ikanywea hadi ikazama ardhini. Ulipiga kelele, "Hapana, hapana, rudi mbele! Palizi ile siirudii mimi!" Ukacheka mpaka ukajifuta macho kwa leso. Kisha ukaniuliza kama mtu pia anaweza kurudishwa. Nikasema, kwenye skrini tu.

"Basi mimi usinirudishe. Kwa magoti haya, niipande tena ile njia ya kisimani?"

Nimekutii, mama. Mengine yote nimeyajaribu wiki hii. Njeru aliniambia, "Mpunguzie kasi, weka na wimbo, watu walie." Nikachukua kipande pekee nilichokupiga bila wewe kujua, unavuka ua ukienda jikoni, nikakivuta kikawa kirefu. Kikapendeza. Kitambaa chako kilielea, mguu ukanyanyuka polepole, ukawa kama malkia anayeingia kanisani. Nikamwita Wawira atazame.

"Ni nani huyo?" akauliza.

Hakukosea. Hujawahi kutembea hivyo maishani mwako. Nikaongeza kasi, ukawa kichekesho. Nikaikuza taratibu ile sura yako uliposimama mbele ya ukuta, ikabaki picha, na picha tayari anayo.

Ndipo nikafungua video za awali, zile ambazo hazijakatwa. Huwa sifuti kitu, kila moja ina tarehe yake. Aliyenifundisha kazi alisisitiza kwamba mtu akimaliza usizime kamera papo hapo, iache iende kidogo, upate nafasi ya kukatia. Huo ndio mkia wa video; hukatwa kila mara, hakuna anayeutazama. Na wewe, mama, uliishi huko mkiani.

"Umemaliza?" unauliza, kisha unashusha pumzi, mabega yanalegea. Unaokota ungo, unaurusha, upepo unachukua makapi. Mahali pengine unamfukuza kuku. Pengine unamwita baba, "Baba Njeru, mbuzi huyo, wewe umekaa tu!" Nimeunganisha mikia hiyo yote kwa kasi yako mwenyewe, na sikuweka wimbo.

Mchana nimemkalisha Wawira mbele ya kompyuta. Ulipouliza "Umemaliza?" mara ya kwanza alinitazama mimi. Mara ya pili akatabasamu. Mara ya tatu akakaribia skrini, ulipouliza akakujibu kwa sauti, "Bado, cucu!" Na wewe hapo hapo ukageuka, ukacheka. Ulikuwa ukinicheka mimi siku ile kwa kujikwaa kwenye kamba ya mbuzi, lakini yeye anajua ulimcheka yeye. Sijamsahihisha. Jioni yote amekuwa akipepeta mchele kwa kifuniko cha sufuria, na sakafu yangu ungeiona ungenigombeza.

Nimemtumia Njeru video hiyo. Amelalamika, "Mbona ni fupi? Hata chai haijapoa." Nimemwambia ningeweza kuirefusha, lakini yule wa kwenye ile ndefu hata mjukuu wake hakumtambua. Akasema, "Basi iache. Na mimi nilikuwa nimeanza kusahau alivyokuwa na haraka."

Natamani kukusimamisha mahali, mama, sikudanganyi. Kidole kilikaa muda mrefu juu ya kitufe pale ulipogeuka ukicheka. Nimekuacha uendelee na kazi.

Kesho ukiuliza mbele ya hema lote, najua kuna mtoto atakayejibu kwa sauti. Mimi nitajibu kimoyomoyo, maneno yale yale.

Ni mimi binti yako, mama wa Wawira wako.

Saa tatu na robo usiku. Kompyuta imezimwa, nalala.