Baiskeli Uliyoniundia, Mtani

Mtani wangu Maganga,

Mimi nina miaka sabini na kitu, na hicho kitu hakuna anayekijua. Sotoka ilimaliza ng'ombe wa baba yangu ikaniacha. Funza walikula vidole vya watu njiani wakaniacha. Ikaja njaa, watu wakachemsha ngozi za kulalia, nayo ikaniacha. Nimezika wake wawili. Misafara ya pembe iliyokuwa ikikanyaga Ugogo imekwisha yote, mimi nipo. Sasa na wewe umekwenda. Hili la mwisho sikulitaka.

Ninaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu wa kanisa hapa Zuzu alinifundisha herufi nikiwa na mvi tayari, akasema hajaona mzee anayeshika upesi kama mimi. Sikumwuliza amefundisha wazee wangapi. Barua hii nitampa aipeleke ikachapwe gazetini, maana nasikia pale Dodoma watu wanasema baiskeli yangu ilikuja na meli kutoka Ulaya. Wasomewe. Ilitoka palepale mjini, Makole, kwenye kibanda chako cha uhunzi, na ilitoka mikononi mwako.

Unakumbuka tulivyoonana mara ya kwanza? Mimi nilikuwa kirangozi, natangulia msafara na fimbo yangu ya mpingo, watu wote wanakanyaga ninapokanyaga. Wewe ulikuwa nyuma yangu na pembe begani, ukaanza palepale: "Jamani, tumemfuata Mgogo, atatufikisha kwenye zizi la ng'ombe." Nikakujibu kwamba Mnyamwezi hata ukimtwika mawe atasema ahsante. Tangu hapo utani wa makabila yetu ukawa wetu sisi wawili. Uliniibia kuku, nikakuibia shuka, na hakuna aliyemshitaki mwenzake bomani.

Reli ilipofika misafara ikafa. Wewe ulikuwa na uhunzi wa baba yako, ukafua vyuma vya reli kwa muda, kisha ukaacha, ukasema hutaki kuamshwa kwa filimbi. Ukajenga kibanda chako, ukawa unafua majembe. Makarani wakaanza kukuletea baiskeli zao zilizovunjika. Ukazifungua, ukazitazama tumbo, mwisho ukaanza kuunda zako mwenyewe, moja moja, kila moja kwa mtu wake. Hukuwa na baiskeli ya kutundika ikasubiri mnunuzi. Mtu alikuja kwanza, baiskeli ikamfuata.

Mimi nilikuja kwa sababu ya Nyemo. Unajua binti yangu huyu ndiye aliyebaki, na aliolewa mbali, Haneti. Mfanyabiashara wa chumvi kutoka Kondoa aliniletea salamu zake: "Mwambie baba mtoto wangu amepewa jina lake, lakini mwenye jina hajamwona." Salamu hizo zilinikaa kifuani. Gari la moshi linakwenda upande wa mawio na upande wa machweo, kaskazini halijui. Na goti langu la kushoto lilikuwa limevimba kama boga. Mkwe wangu akasema atatuma vijana wanibebe kwa machela. Nikakataa. Akasema atatuma punda. Nikakataa. Mimi nimeongoza watu wenye mizigo kutoka Tabora mpaka baharini. Mimi si mzigo.

Nikaja kwako nachechemea.

"Mtani, niundie baiskeli ya safari."

"Safari ya wapi? Ya sokoni au ya kaburini?"

"Haneti. Kwa Nyemo."

Ukaacha kucheka. Ukaniuliza nitabeba nini, mchanga uko wapi njiani, goti gani linauma, linakunjika mpaka wapi. Maswali mengi kuliko ya bwana shauri wa bomani. Kisha ukachukua kamba ya katani, ukasema, "Simama nikupime."

Nikarudi nyuma kwa haraka ambayo goti lilikuwa limeisahau. Kupimwa na wewe? Kazi ya mtani ni kumpima mwenzake akiwa amelala na macho yamefumbwa, ili wachimbaji wajue urefu wa shimo. Mtu mzima mwenye akili hasimami akapimwa na mtani wake akiwa hai. Nikakupa fimbo yangu.

"Hii niliikata siku nilipofanywa kirangozi. Ikanifika hapa, kidevuni. Pima fimbo, umenipima mimi."

"Ilikatwa lini?"

"Wewe pima."

"Fimbo haina goti, mtani."

"Wala haina mdomo kama wako."

Ukaitundika ukutani, ukasema haya, Mgogo amesema.

Nilikuja kila siku ya soko kutazama. Magurudumu, mnyororo na mabomba ya chuma vilifika kutoka pwani, lakini kiunzi kilikuwa chako. Ulikata bomba, ukalipiga tupa, ukaliweka karibu na lenzake, ukalitoa tena. Ulivukuta moto mpaka viungio vikawa rangi ya embe bivu, ukatia vipande vya masango yangu, nyaya nene za shaba nilizozichuma njiani enzi za misafara, vikayeyuka, chuma kikavinywa kama mchanga unavyokunywa maji. Kisha uligonga, ukasikiliza. Kimoja hukukipenda sauti yake, ukakibomoa na mimi nikapiga kelele kwa ajili ya masango yangu.

Na kila nilipokuja hukuacha kunisumbua. "Kaa juu ya gunia hili la mkaa, nione kama limejaa." "Nishushie nyundo ile pale juu." "Nyoosha mguu, cheche zisikurukie." Nikakuambia wewe ni mvivu, unamtuma mzee aliyekuzidi umri. Ukasema Wagogo wote ni wachunga ng'ombe, lazima watumwe.

Siku uliyoitoa nje niliipanda kwenye uwanja karibu na reli. Nilianguka mara mbili tatu, si zaidi, na wanawake waliotoka kisimani wakaweka ndoo chini ili wacheke vizuri. Lakini ilipokaa sawa, mtani, ilikuwa kama nimezaliwa nayo. Goti lilizunguka bila kulia. Mikono ilifika pale ilipotaka kufika. Nikapita mbele yako nikasema, "Unaona? Fimbo haisemi uongo."

Ukasema, "Fimbo ya Mgogo, nani atabishana nayo."

Nilikwenda Haneti peke yangu. Kwenye makorongo ya mchanga nilishuka, nikaisukuma huku nikiiegemea, kwa hiyo hata huko ilinisaidia. Mwiba ulitoboa mpira, nikaziba kama ulivyonionyesha. Vilima vya Chenene vilipoonekana nikaimba wimbo wa kirangozi, ingawa nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Nyemo alikuwa anapepeta uwele. Akaacha ungo ukaanguka.

"Shikamoo, baba. Umeletwa na nani?"

"Marahaba. Nimeletwa na hii miguu."

"Na hicho chuma?"

"Hicho nimekileta mimi."

Akacheka huku machozi yanamtoka, akaniwekea mtoto mapajani. Mtoto akalia kwa sababu ya ndevu. Nikakaa mpaka akazizoea, akazishika, akawa hataki kuziachia. Nimekwenda kwingi na kuona mengi, lakini kwa mkono ule mdogo sikutaka kuondoka.

Niliporudi nilikuta homa imekulaza. Mkeo, Bibi Kalunde, alisema huli. Nikakaa kando ya kitanda nikakuhadithia safari yote. Ukasikiliza umefumba macho, kisha ukasema taratibu, "Mtani, ile fimbo iko palepale ukutani. Sikuigusa."

"Ulinipima kwa kitu gani basi?"

"Kwa gunia. Kwa nyundo. Umepungua shibiri nzima, mzee. Ningekuundia ya fimbo, miguu ingening'inia, Nyemo angekuwa anangoja mpaka leo."

Nikakuambia sijapungua. Nikakuambia ni fimbo iliyorefuka. Ulicheka mpaka Bibi Kalunde akaja mbio kuona kama unakata roho. Ukashika mkono wangu ukasema, "Zamu yangu ikifika, pima mwenyewe. Usiniulize. Na mimi nitasema ni mrefu."

Zamu ikafika mapema kuliko tulivyodhani.

Nilifanya kazi ya mtani yote. Nilikaa kwenye mkeka wako, nikadai nirudishiwe shuka langu ambalo lilikuwa lako, nikawaambia waombolezaji kwamba marehemu amejificha tu, anaogopa kulima. Wakacheka, kama inavyotakiwa. Kisha nikachukua kamba yako ya katani nikaingia ndani kukupima. Ulikuwa mdogo, Maganga. Sikujua kama ulikuwa mdogo hivyo. Pembe zile zote zilikaaje juu yako?

Nikatoka nikawapa wachimbaji urefu. Nikaongeza shibiri moja, ile uliyonipunguzia. Ukae vizuri, unyooshe miguu.

Mimi naendelea kwenda Haneti, mtoto sasa anasimama. Fimbo nimeichukua kibandani mwako na bado nasema imerefuka.

Asiyeamini haya amwulize Bibi Kalunde, yuko Makole. Amwulize Nyemo, Haneti, aliyeangusha ungo. Awaulize wachimbaji, maana walinung'unika kwamba shimo ni refu kuliko mwenye shimo, nami nikawaambia wachimbe tu.

Lala, Mnyamwezi. Mzigo tumeutua.

Mimi mtani wako,
wa Zuzu