Gitaa Jipya Lenye Michubuko

Jumamosi jioni, Mbeya

Kinyaa hakijanitoka. Gitaa jipya, wamelitoa kwenye boksi mbele yangu pale sokoni Mwanjelwa, lakini limekwanguliwa rangi makusudi pale mkono unapoegemea. Muuzaji anajisifu: "Hili ndo bei kali, braza. Linaonekana limepigwa miaka mingi."

Limepigwa na nani, msasa?

La marehemu baba lilichubuka palepale, lakini kwa kiwiko chake, kila Jumapili na kwaya yao ya kanisa kule Ipogolo. Upuuzi huu ni...

Nami nisijitie usafi. Krismasi tulipopaka nyumba rangi, niliona aibu gitaa lile la baba kuchakaa vile. Nalo nikalipaka, likang'aa. Mama akapapasa pale palipokuwa na alama ya kiwiko, akaniuliza, "Mwanangu, baba yako umempeleka wapi?"