Kompyuta ya Mbithe imenyamaza

Nzau, nimeharibu. Sijui hata nianzie wapi.

Ile maktaba ya sauti, kile kipande cha programu ninachokifungasha kwa ajili ya mfumo wa Linux, ile inayomsomea Mbithe skrini kwa vile haoni. Jana nilituma toleo jipya. Kwa mashine yangu lilisema vizuri kabisa. Lakini nililiachia namba ya toleo la zamani na ndani vitu vimebadilika, kwa hivyo programu yake ya kusoma skrini imedhani ni maktaba ile ile, ikaanguka.

Laptop yake imejisasisha yenyewe leo asubuhi. Na yuko Kibwezi kwa mtihani wa kazi, Nzau. Leo!

Amenipigia akinong'ona: "Imenyamaza. Nabonyeza, haisemi kitu."

Haisemi kitu.

Nikamwambia aombe mtu amsomee skrini. Nikasikia msimamizi wa mtihani: "Madam, hapa hakuna kugusiana mashine. Na hiyo simu weka chini."

Simlaumu, ndiyo sheria yao.

Mbithe akamjibu: "Kaka, mashine ndiyo imezimika macho, mimi niko sawa." Watu wakacheka.

Marekebisho nimeshatuma. Lakini lazima mtu aandike amri moja kwa laptop yake ndipo iyapokee, na nikipaza sauti huku atafukuzwa.

Simu ameiweka chini bila kuikata. Namsikia anachapa majibu yake, haraka, vile huwa anachapa.

Msimamizi amemwambia kwa upole, "Madam, kwa skrini hakuna kitu kinachoingia."

Bado anachapa.