Ua la Kinamasini

Jumanne, 18 Juni
Daktari wa macho hakuficha: sindano hazisaidii tena. Katikati ya macho ya mume wangu Arvid pana doa, nalo litakua. Pembeni ataendelea kuona kidogo. Njiani kurudi niliendesha gari maili arobaini. Ndipo Arvid akasema, "Kiatu cha bibi kitachanua wiki hii. Safari hii utapiga picha wewe."
Mimi! Miaka thelathini na sita ya ndoa, kazi yangu kwenye safari za maua ni kubeba kahawa na kuua mbu.

Alhamisi, 20 Juni
Kinamasini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo haujaamka. Okidi yetu, hicho kiatu cha bibi, ipo kando ya mwerezi ulioanguka — tumba moja, bado limefumba. Arvid anaifuatilia tangu ikiwa na majani mawili. Miaka kumi na minne, na hili ndilo ua lake la kwanza.
Nililala kifudifudi, maji yakapenya hadi tumboni. Arvid alisimama nyuma na mwavuli mweupe wa kupunguza jua.
"Shuka zaidi, bibie. Unalichungulia kama mtu aliyeangusha ndoo kisimani."
"Nikishuka zaidi utanizika humu humu, mzee."
Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Pasaka.
Picha kumi na nane za tumba. Zote ukungu mtupu.

Ijumaa, 21 Juni
Mvua kutwa. Nimejifunza mezani kwa kupiga picha kichupa cha chumvi: toa pumzi kwanza, ndipo ubonyeze.
Binti yetu Marit kapiga simu kutoka Duluth. Anasema Baba aache kinamasi, atazama majini. Arvid akamjibu kwamba hatari ni mama yake, anakanyaga kila kinachoota.
Baadaye nikamkuta kageuzia uso dirishani. Nilidhani anatazama mvua. Kumbe ananitazama mimi. Ndivyo anavyonipata siku hizi, kwa kutazama kando yangu. Nikajifanya natafuta kijiko.

Jumapili, 23 Juni
Naandika kinamasini, nimekalia sanduku la kamera. Nimetangulia. Arvid yuko nyuma, anapapasa njia kwa miguu ya stendi ya kamera.
Kulungu wamepita. Shina limekatwa chini kidogo tu ya ua, na ua halipo. Nyayo bado mbichi.
Naweza kumwambia halijafunguka. Ataamini. Tutarudi kesho, na kesho kutwa, na mwavuli wetu.

Amefika. "Limefunguka?"
Nimeshindwa kudanganya. Nimemwambia kulungu wamelila.
Akapiga magoti, akalipapasa shina toka chini hadi pale lilipokatika. Sikujua nifanye nini na mikono yangu.
"Mwaka aliozaliwa Marit palikuwa na jingine," akasema. "Ng'ambo ya maji, penye mierezi mitatu."
"Marit ana miaka thelathini na mitatu, mzee."
"Haya maua yana subira kuliko wewe. Mierezi iko wapi?"
Nikamwonyesha kwa kidole. Kisha nikashusha mkono, nikasema: kushoto, mbele ya uwazi usio na miti.

Ameshavua viatu. Maji yanamfika magotini. Ananyoosha mkono nimshike — upande ambao sipo.
Kamera nimeitundika shingoni. Nahamia upande huo.